Kiswahili cha redio ambacho hatukukiandika vitabuni

JUMAMOSI mbili zilizopita tulikutana watu saba katika sebule ya mtayarishaji vipindi mstaafu, mtaani Buruburu, Nairobi. Sote tuliwahi kufanya kazi katika kituo kimoja cha redio jijini. Wenzangu sita walikitumikia kwa miaka mingi, wengine zaidi ya ishirini. Mimi nilikuwa mtu wa kibarua tu, mhadhiri kijana aliyetafuta nyongeza ya mshahara kwa kutafsiri habari zamu za wikendi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kituo chenyewe sitakitaja jina. Sababu msomaji ataiona mbele.

Palikuwa na pilau, kachumbari na chai ya tangawizi, na palikuwa na hadithi. Fundi mitambo alitukumbusha usiku ambao mtangazaji wa zamu alisinzia, diski ikakwama, na neno moja la wimbo likarudiwa kwa dakika nne nzima. Wasikilizaji watatu walipiga simu, wawili wakilalamika na mmoja akisifu mtindo mpya. Mwingine alikumbuka enzi za kukata kanda kwa wembe na kuunganisha kwa gundi ya karatasi, na jinsi kikohozi cha waziri kilivyobaki sakafuni kikikanyagwa na kila aliyepita. Tulicheka hadi majirani wakachungulia.

Pembeni, kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, aliketi msomaji wetu wa taarifa ya habari. Nitamwita Mzee, kama tulivyomwita kazini. Ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi aliijulia Sauti ya Kenya kabla ya kujiunga na kituo chetu. Miaka mitatu iliyopita alipatwa na kiharusi. Sasa maneno humtoka kwa taabu, moja moja, na mengine hayatoki kabisa. Lakini masikio hayakuguswa. Kila mmoja wetu alipoteleza katika matamshi, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kiliinuka kutoka kwenye mkono wa kiti, kikabaki hewani mpaka aliyekosea ajirekebishe. Tulikuwa tukikiogopa kidole hicho miaka ile. Kumbe bado.

Naomba nikiri jambo kabla sijaendelea. Kwa muda mrefu, darasani na hata katika makala, nimewanyoshea watangazaji kidole cha aina nyingine. Nimesema wao ndio waharibifu wakuu wa Kiswahili, kwamba mwanafunzi hufundishwa upatanisho wa ngeli asubuhi na redio ikaufuta jioni. Baadhi ya hayo bado nayasimamia. Ukisikiliza vipindi fulani vya asubuhi utadhani sarufi imepigwa marufuku. Ila nilikosea kwa kuwaweka wote katika kapu moja, na nilikosea zaidi kwa kutoona kwamba kuna Kiswahili ambacho watu wa redio walikitengeneza wenyewe kwa sababu sisi wasomi hatukuwapa.

Hebu tazama historia. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka huohuo matangazo ya redio yakaanza Nairobi, kwa Kiingereza, yakiwalenga walowezi. Mambo haya mawili yalizaliwa pamoja lakini hayakusalimiana. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulika na vitabu: tahajia, kamusi, hadithi za shule. Lugha za Kiafrika ziliingia redioni wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jamaa za askari walipohitaji habari. Ilipofika 1964, idara ya utangazaji ikaitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudi jina la KBC. Vituo vya kibinafsi vilianza kuchipuka katikati ya miaka ya 1990. Katika safari hiyo yote, Kiswahili sanifu kiliendelea kuwa lugha ya macho. Hakuna kamati iliyoketi kuamua namna ya kukisoma kwa sauti mbele ya kipaza sauti kwa watu wasioweza kurudi nyuma kusoma sentensi upya.

(Kwa kupita tu: neno idhaa tulilichukua kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya utangazaji. Tangazo letu lenyewe lina kazi nyingi mno. Matangazo ni yale yanayorushwa na kituo, ni ya sabuni na mbolea, na ni ya vifo. Haya ya vifo nitayarudia.)

Sasa turejee Buruburu. Binti ya Mzee alikuwa amekuja na katoni mbili. Ndani yake mlijaa karatasi za taarifa ambazo baba yake alizisoma na kuzihifadhi, pengine kinyume cha kanuni za kazi. Alinipa moja niwasomee wenzangu kwa mzaha, tuone kama profesa anaweza kusoma habari. Nikasimama, nikasafisha koo. Sentensi ya tatu ilihusu magunia ya mahindi, nami nikasoma bila kuvuta pumzi: elfu mia mbili na hamsini.

Kidole kikainuka.

Nilirudia. Kidole hakikushuka. Ndipo nikaitazama karatasi vizuri, nikaona mkwaju mwembamba wa wino mwekundu kati ya neno elfu na neno mia.

Maneno hayo matano yana idadi mbili tofauti ndani yake. Yanaweza kuwa 250,000, na yanaweza kuwa 200,050. Gazetini hakuna taabu kwa sababu tarakimu ziko mbele ya macho yako. Redioni kinachotofautisha ni pumzi. Ukisema elfu, ukatua, kisha ukasema mia mbili na hamsini kwa mkupuo, umesema robo milioni. Ukisema elfu mia mbili, ukatua, kisha na hamsini, umesema laki mbili na hamsini. Tofauti yake ni magunia 49,950. Mzee aliweka mkwaju katika kila karatasi yenye idadi ya namna hiyo, na mahali ambapo mkwaju haukutosha alilikata neno elfu akaandika laki. Laki mbili na nusu haina utata wowote. Nimefundisha isimu miaka zaidi ya thelathini, nimesoma sura kadha wa kadha kuhusu idadi za Kiswahili, na sikumbuki kitabu kinachomwambia msomaji wa sauti atue wapi.

Kulikuwa na kanuni nyingine. Magazetini tumezoea vichwa vya habari vyenye kiambishi cha wakati -a-: Rais azuru, Mahakama yaamua, Wabunge wakataa. Ni vifupi, vinaingia katika safu nyembamba. Katika chumba chetu cha habari -a- hiyo ilikuwa haramu. Nilipowasilisha tafsiri yangu ya kwanza, yenye Wabunge wakataa nyongeza, mhariri aliniita.

“Mwalimu, hebu lisome hili ukiwa mlangoni, mimi nikiwa jikoni nakaanga vitunguu.”

Nikasoma. Akaniuliza, “Wamekata au wamekataa?”

Alikuwa na haki. Kiambishi -a- kikikutana na wa- ya kiima, irabu humezana, wa-a-kataa likawa wakataa. Kinacholitenga na wakata ni irabu moja ya mwisho na mahali pa mkazo: la kwanza mkazo uko kwenye ta-, la pili uko kwenye ka-. Mtu aliye mbele ya kikaango hasikii hayo. Wamekata na wamekataa bado yanafanana, ndiyo, lakini -me- humwamsha msikilizaji, humwambia kitenzi kinakuja, naye hutega sikio. Kwa hiyo taarifa zetu zote zilijaa -me-. Wasomi wenzangu wakiziona karatasi hizi watasema mtindo umepooza. Wacha waseme. Hazikuandikwa ili zionekane.

Mwenyeji wetu, ambaye wote humwita Mama ingawa amenizidi miaka michache tu, alitayarisha kipindi cha salamu kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukumbuka. Vijana wanaosoma makala haya huenda hawajui kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimu na mahali walipo, akaiweka posta au akaileta mwenyewe hadi langoni. Mtangazaji aliyasoma majina hayo kama mtu anayehesabu shanga, kijiji baada ya kijiji, mtaa baada ya mtaa. Wasomi tulikidharau kipindi hicho. Tulikiona cha watu wasio na la kusema.

Lakini sikiliza sarufi yake. Salamu zimfikie. Salamu zimwendee. Salamu ziwafikie wote walioko Voi. Salamu ni nomino ya ngeli ya I-ZI na katika vipindi vile ilipata zi- yake kila mara, nayo dhamira ya kutakia ilikaa mahali pake mwishoni mwa kitenzi. Leo wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu huniandikia salamu imfikie, na siwezi kuwalaumu sana. Hawakukulia kando ya redio iliyorudia zimfikie mara mia kwa siku.

Mama alikuwa na kadi moja ambayo hajaisahau. Ilikuja kila mwezi, kwa mwandiko wa mkono uleule wa kuinama, kutoka kwa mzazi aliyemsalimu mwanawe. Jina la mwana, kisha maneno mawili: popote alipo. Hakuna mtaa wala mji. Nilikuwa zamuni siku moja kadi hiyo ilipofika, nami kwa ujuaji wa kijana mwenye digrii mpya nikamwambia Mama kwamba kisarufi ingefaa isomwe kokote aliko. Viambishi vya mahali, nikamweleza, vina kazi tofauti: -po ni ya mahali dhahiri, panapojulikana, na -ko ni ya mahali pasipo dhahiri. Ikiwa mzazi hajui mwana yuko wapi, basi ni -ko.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kadi. “Mwalimu,” akasema, “huyu hataki tumtangazie kwamba mtoto wake hajulikani aliko. Anataka tuseme yupo.”

Akaisoma ilivyoandikwa. Kadi ziliendelea kuja kwa karibu miaka miwili, kisha zikakoma. Hatukujua kama mwana alirudi au mzazi aliondoka. Nimeufundisha mfano huo wa -po na -ko kwa kila kundi la wanafunzi tangu siku ile, lakini mpaka juzi sikuwa nimewaambia nilikoupata.

Chai ya pili ilipomiminwa mazungumzo yakageukia kandanda, kama yanavyogeuka popote wanaume wa rika letu wanapokutana, na likazuka lile la Kadenge na mpira. Hakuna Mkenya wa umri wangu asiyelijua. Ni usemi unaohusishwa na marehemu Leonard Mambo Mbotela, akimtangaza Joe Kadenge, mshambuliaji wa Abaluhya na timu ya taifa. Kadenge na mpira, mpira na Kadenge. Fundi mitambo alisema sentensi hiyo ni ya mtu aliyeishiwa na maneno. Mimi nikapinga, na ninapinga tena hapa.

Kwanza, haina kitenzi. Kiswahili sanifu kingedai Kadenge ana mpira. Mtangazaji anayekimbizana na miguu ya Kadenge hana nafasi ya kiambishi cha nafsi, hivyo a- ikadondoka ikabaki na. Pili, tazama kinachotokea anapoigeuza. Mpira na Kadenge haiwezi kuwa na maana kwamba mpira unammiliki Kadenge. Hapa na inarudi kwenye maana yake ya asili, ile ya kuwa pamoja. Na ukifikiri vizuri, ndiyo maana pekee iliyokuwepo tangu mwanzo: katika Kiswahili kumiliki kitu ni kuwa nacho, yaani kuwa pamoja nacho. Sentensi hiyo isiyo na kitenzi imeifunua sarufi ya umiliki kuliko sura nzima ya kitabu. Tatu, hesabu silabi. Saba upande huu, saba upande ule. Msikilizaji asiyeuona uwanja aliambiwa kwa mizani kwamba mtu na mpira havitengani. Mzee alisikiliza hoja yangu yote na kidole chake kikatulia.

Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940, akajiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964 na akafariki Februari 2025. Wengi wanamkumbuka kwa asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari walipomlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Nilikuwa kijana wa chuo, nikaamini mara moja, kwa sababu ilikuwa sauti ile. Askari nao walijua ndiyo sababu wakamfuata. Lakini wazee wenzangu pale Buruburu hawakukawia kwenye habari hiyo. Walitaka kuzungumzia Je, Huu ni Uungwana?, kipindi alichokianzisha mwaka 1966 na kikadumu zaidi ya miaka 50, akiuliza kama ni adabu mtu kufanya hivi au vile: kuingia kwa watu bila hodi, kukopa bila kulipa.

Kuna jambo katika jina hilo ambalo sijaona likiandikwa mara nyingi. Leo uungwana tunauelewa kama adabu njema. Zamani, katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Adabu ilidhaniwa kuwa mali yake kwa nasaba. Naye Mbotela anatokana na ukoo wa watumwa walioachiliwa huru na kupewa makao Frere Town, upande wa Kisauni, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875. Kwa nusu karne, basi, mjukuu wa watu ambao neno hilo liliwafungia nje ndiye aliyeketi mbele ya kipaza sauti akiliuliza taifa zima uungwana ni nini. Wala hakumuuliza yeyote nasaba yake. Aliuliza ulichotenda. Kama maana mpya ya neno uungwana imeizima ile ya zamani katika masikio ya Wakenya, mimi siamini ni kwa sababu ya kamusi.

Ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni nilipowaeleza wenzangu jambo ambalo watatu kati yao hawakulijua.

Siku moja ya Ijumaa niliachiwa rundo la matangazo ya vifo, mengi yakiwa yameletwa kwa Kiingereza, nikatakiwa kuyatafsiri upesi. Moja lilisema mazishi yangefanyika siku iliyofuata, upande wa Machakos, na kwa saa ya Kizungu lilitaja kumi. Ilikuwa kumi ya asubuhi. Kwa Kiswahili hiyo ni saa nne. Msomaji anajua: saa zetu huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na kwa kuwa huku tulipo, jirani na ikweta, jua halibadilishi sana nyakati zake, tofauti na saa za Kizungu ni sita mwaka mzima. Mtoto wa darasa la pili anaijua hesabu hiyo. Mimi, mwenye shahada ya uzamili ya isimu na uzamifu ukiwa njiani, niliandika saa kumi. Sikuandika kipindi cha siku.

Mzee aliipitia karatasi na kalamu yake nyekundu kabla ya kuingia studio. Akaniuliza, “Bwana mdogo, hii saa kumi ni alasiri?” Nilikuwa na karatasi nyingine mkononi. Nikaitikia kwa kichwa. Akaandika alasiri, akaingia, akasoma.

Wiki mbili baadaye ilifika barua ya ukurasa mmoja na nusu. Iliandikwa na ndugu wa marehemu, mtu aliyefanya kazi Voi. Alikuwa amepanga kusafiri kwa basi la usiku wa Ijumaa. Aliposikia redioni kwamba mazishi ni alasiri, akaona ni heri amalize kazi ya usiku, apande basi la asubuhi. Alifika kaburi limekwisha kufunikwa na wageni wanakunywa chai. Hakututukana. Aliomba tu kujua ni nani aliyesema saa kumi.

Mzee alimjibu kwa barua yenye jina lake mwenyewe. Kisha, kabla ya taarifa ya saa moja jioni, akatamka hewani kwamba siku fulani yeye alisoma wakati wa mazishi kimakosa, na kwamba anaiomba radhi familia. Alisema nilisoma. Hakusema niliandikiwa. Nilikuwa nyuma ya kioo, karibu na fundi mitambo, na sikufungua mdomo. Meneja alimkata siku tatu za mshahara. Sikufungua mdomo hapo pia. Baada ya siku hiyo hakunisema wala hakunikwepa, ila hakusoma tena saa yoyote niliyoiandika bila kipindi chake: alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, jioni, usiku. Asipokiona, alinirudishia karatasi bila neno. Ndiyo maana kituo sikitaji. Kosa halikuwa lake.

Nilipomaliza, pale Buruburu palikuwa kimya. Mama alisema, “Kumbe ni wewe.” Fundi mitambo akaniangalia kwa muda, akaongeza sukari katika chai iliyokwisha poa. Mzee alijaribu kusema kitu. Lilitoka neno moja, alasiri, kwa shida lakini kwa mkazo sahihi, kwenye silabi ya si-. Kisha akacheka kwa upande wa uso unaoweza kucheka.

Binti yake anahama nyumba mwisho wa mwezi huu, na nyumba mpya haina nafasi ya katoni. Alikuwa tayari kuziuza kwa wanaonunua karatasi kwa kilo. Siku hizi redio inahifadhi sauti katika kompyuta, lakini za miaka ile nyingi hazipo. Kanda zilikuwa ghali, na duniani kote vituo vilikuwa na desturi ya kurekodi juu ya kanda za zamani. Hata BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vyake vingi kwa namna hiyo. Kwa hiyo sauti ya Mzee akisoma elfu, akitua, akiendelea, sina hakika kama imebaki popote. Mikwaju imebaki. Kila mmoja unaonyesha mahali ambapo msomaji stadi aliamua kwamba sikio la Mkenya linahitaji pumzi.

Nilizipakia katoni zote mbili kwenye gari. Sasa ziko ofisini kwangu chini ya dirisha. Mkutubi wa chuo ameniuliza aziorodheshe chini ya somo gani, fasihi, isimu au uanahabari, nami bado sijamjibu. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili ameanza na katoni ya kwanza. Anaihesabu mikwaju na kuandika iko kabla ya neno gani na baada ya lipi, na tayari amegundua kwamba Mzee karibu kila mara alitua kabla ya ambaye lakini si kabla ya -ye- ya ndani ya kitenzi. Hilo nalo sikulijua.

Karatasi za mwaka ule wa mazishi ya Machakos zimo katika katoni ya pili. Hiyo nimemwambia aiache, nitaifungua mwenyewe.